Ugaidi haupimwi kwa kuhesabu maiti

Kila ubalozi wa nchi ya Magharibi unapotoa tahadhari ya ugaidi kwa raia wake walioko Dar es Salaam, mambo huenda kwa mpangilio uleule. Ujumbe unaingia kwenye makundi ya WhatsApp. Mmoja anauliza kama ni kweli, mwingine anajibu "nimetumiwa kama ilivyo", wa tatu anashauri watoto wasipelekwe kwenye maduka makubwa mwisho wa wiki. Halafu anatokea mjuzi wa kundi na kuufunga mjadala: acheni woga, bodaboda zinaua watu wengi kuliko magaidi, na malaria ndiyo usiseme. Siku hizi anaongeza kwamba hata wanasayansi wamethibitisha kuwa binadamu hajui kupima hatari, kwamba anaogopa kisichomuua huku akilala kitanda kimoja na kinachomuua. Hoja hiyo imeshatoka kwenye simu na kuingia redioni na magazetini, na imewapendeza wengi wenye madaraka, kwa sababu inamtuliza mwananchi bila kujibu alichouliza.

Utafiti huo unasomwa vibaya. Zaidi ya nusu karne ya kazi ya wanasaikolojia na wachumi kuhusu namna umma unavyoiona hatari haisemi kwamba mwananchi wa kawaida ni mbumbumbu wa hesabu. Inasema kwamba anapoulizwa "hili ni la hatari kiasi gani?" anajibu maswali kadhaa kwa mkupuo mmoja: nani ataumia, je, amejitakia, je, linaweza kuzuiliwa, na je, wanaotuambia tutulie wanastahili kuaminiwa? Idadi ya vifo ni jibu mojawapo tu kati ya hayo. Kwa jiji ambalo limewahi kulipuliwa, namna tunavyousoma utafiti huu ina uzito, kwa sababu ndiyo inayoamua kama mamlaka zitamwambia mkazi wake "usiogope" au zitamwambia la kufanya.

Kazi yenyewe ilianza mbali na mabomu. Mwaka 1969 Chauncey Starr, mtaalamu wa nishati wa Marekani, alilinganisha hatari ambazo jamii inazikubali na faida inayozipata, akahitimisha kwamba watu wako tayari kuvumilia hatari waliyojichagulia wenyewe takriban mara 1,000 zaidi ya ile waliyobebeshwa. Miaka michache baadaye Baruch Fischhoff, Paul Slovic na wenzao waliacha kukisia kutoka kwenye takwimu wakaenda kuwauliza watu wenyewe. Waliwapa orodha ya shughuli na teknolojia 30, zikiwamo bastola, sigara, magari, baiskeli na umeme wa nyuklia, wakawaomba wazipange kwa ukubwa wa hatari. Katika tafiti hizo, ambazo Slovic alizikusanya kwenye makala yake maarufu ya mwaka 1987, wanachama wa umoja wa wanawake wapiga kura na wanafunzi wa chuo waliuweka umeme wa nyuklia nafasi ya kwanza. Wataalamu wa hatari waliuweka nafasi ya 20. Mambo mawili ndiyo yaliyoelezea sehemu kubwa ya tofauti hiyo. La kwanza ni kitisho: je, jambo hilo huua wengi kwa mara moja, halizuiliki, na huwakuta wasiolitaka? La pili ni ugeni wake: je, ni jipya, halionekani, na madhara yake hujitokeza baadaye?

Wanaounukuu utafiti huu kwa kejeli kwa kawaida huishia hapo. Lakini watafiti walikwenda hatua moja zaidi, na hapo ndipo penye uzito wote. Waliwauliza watu walewale wakadirie nyuklia inaua wangapi kwa mwaka wa kawaida. Wakataja idadi ndogo, ndogo kuliko ya vitu vingi ambavyo wao wenyewe walikuwa wameviweka chini kabisa kwenye orodha ya hatari. Kwa hiyo walijua. Hakuna aliyewadanganya kuhusu maiti. Walichokuwa wanakipima ni kitu kingine: siku mambo yakiharibika yataharibika kiasi gani, na nani atakuwa na la kufanya. Wataalamu walikuwa wanapima vifo vya mwaka, raia walikuwa wanapima siku mbaya kuliko zote. Ukimsomea mtu wa namna hiyo jedwali la vifo, unamjibu swali ambalo hakuuliza.

Sisemi umma haukosei. Unakosea, na wakati mwingine vibaya sana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, Eric Johnson na wenzake waliwauliza watu wangelipa kiasi gani kwa bima ya safari ya ndege. Waliotajiwa bima ya kifo kitokanacho na ugaidi walikuwa tayari kulipa wastani wa dola 14.12. Waliotajiwa bima ya kifo kwa sababu yoyote ile, ambayo bila shaka inajumuisha na ugaidi, walitaja dola 12.03. Hapo hakuna hekima iliyojificha, ni picha ya mlipuko kichwani inayoshinda mantiki. Mwishoni mwa mwaka 2001 Jennifer Lerner na wenzake waliwahoji Wamarekani 973, nao wakakadiria kwa wastani kwamba uwezekano wa wao wenyewe kudhurika katika shambulio la kigaidi ndani ya miezi 12 ijayo ni asilimia 20.5, na kwamba kwa Mmarekani wa kawaida ni asilimia 47.8. Makadirio yote mawili yalikuwa mbali mno na kilichokuja kutokea. Katika utafiti huohuo, waliochochewa wakumbuke hasira zao waliiona hatari kuwa ndogo kuliko waliochochewa wakumbuke hofu.

Na kosa hilo linaweza kuua. Mtafiti wa Kijerumani Gerd Gigerenzer alichunguza kilichotokea barabarani baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, pale Wamarekani wengi walipoacha ndege na kushika usukani. Alikadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata takriban watu 1,500 zaidi walikufa kwa ajali za barabarani, mara sita ya abiria waliokufa ndani ya zile ndege nne. Huu ndio ushahidi mzito kuliko wote walio nao watu wa hoja ya bodaboda, na anayetaka kubishana nao kwa haki aanze kwa kuukubali.

Lakini ufuate ushahidi huo nje ya Marekani uone unavyobadilika. Baada ya mabomu ya treni ya Madrid ya Machi 11, 2004, yaliyoua watu zaidi ya 190, Alejandro López-Rousseau aliitafuta hali hiyohiyo Hispania. Alikuta kwamba watu walipunguza kupanda treni, ila hawakuhamia kwenye magari, na vifo vya barabarani havikuongezeka. Huko Israel, Gary Becker na Yona Rubinstein walitazama mabasi yaliyokuwa yakishambuliwa na wajitoa mhanga, wakakuta kwamba walioacha kupanda ni wale wa mara mojamoja. Abiria wa kila siku waliendelea. Kwa hiyo woga hauna njia moja. Unategemea mtu ana usafiri gani mwingine, amezoea nini, na hasara ya kubaki nyumbani ni kubwa kiasi gani kwake.

Abiria wa Mbagala anayewahi Kariakoo saa kumi na moja alfajiri anafanana na yule abiria wa kila siku wa Israel kuliko na Mmarekani mwenye gari nyumbani. Hawezi kuacha daladala kwa sababu ya tahadhari aliyotumiwa. Hata akiogopa, atapanda, na hofu yake haitaonekana kwenye takwimu zozote za usafiri. Anayebadilisha ratiba ni mwenye uwezo wa kubadilisha, yule anayeahirisha chakula cha jioni Masaki au kuhamisha semina kutoka hoteli moja kwenda nyingine. Kwa sababu hiyo, tunapochukua matokeo ya Marekani na kuyabandika Dar es Salaam, tunapata picha ya kundi dogo la wakazi na kuwasahau wengi.

Tuna historia yetu, na inasema jambo ambalo jedwali la vifo linalificha. Asubuhi ya Ijumaa, Agosti 7, 1998, lori lililosheheni mabomu lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani, dakika chache tu kupishana na lile la Nairobi. Nairobi walikufa watu 213. Dar es Salaam walikufa 11, na zaidi ya 80 walijeruhiwa. Gari la maji lililokuwa getini lilizuia sehemu ya nguvu ya mlipuko. Miongoni mwa hao 11 hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Walikuwamo walinzi wa Kitanzania waliokuwa lindoni. Julai 2015 Kituo cha Polisi Stakishari, Ukonga, kilivamiwa usiku, askari wakauawa na silaha zikaporwa. Kibiti na Rufiji, mkoani Pwani, waliowindwa mmoja mmoja kati ya 2016 na 2017 walikuwa viongozi wa vijiji na vitongoji, na Aprili 13, 2017 askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa wakiwa kwenye gari wakitoka kazini. Agosti 25, 2021, karibu na Daraja la Salenda, mtu mwenye silaha aliwaua askari polisi watatu na mlinzi wa kampuni binafsi kabla ya yeye kuuawa mbele ya ubalozi wa Ufaransa.

Ipange orodha hiyo kwa kazi za waliokufa. Walinzi, polisi, wenyeviti. Unapochukua vifo vichache na kuvigawa kwa mamilioni ya wakazi wa Dar es Salaam, unapata sehemu ndogo mno ya asilimia, na kwa mkazi wa kawaida namba hiyo ni ya kweli. Kwa mlinzi wa getini si ya kweli, kwa sababu hatari hii haikugawanywa sawa kwa wote. Imelundikwa juu ya watu wachache wanaosimama kati ya mlengwa na mshambuliaji, na wengi wao ni wa mshahara wa chini kabisa katika jengo zima wanalolilinda. Pita kwenye geti la duka kubwa lolote mjini hapa. Kijana aliyevaa sare iliyopauka anazungusha kioo cha mpini mrefu chini ya gari, anaomba buti lifunguliwe, anatupa jicho sekunde mbili, anafunga na kupunga mkono. Mwenye gari hatoi hata miwani. Kwa dereva, ukaguzi ule ni usumbufu au maonyesho. Kwa kijana yule, siku ambayo ndani ya buti kutakuwa na kitu, yeye ndiye atakuwa ameinama juu yake. Anayemwambia kwamba malaria inaua zaidi anasema kweli isiyomhusu akiwa kazini.

Hoja ya kuhesabu maiti ina mahali pake halali, nayo ni kwenye bajeti. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na kanda ya Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa kuliko zote kikilinganishwa na idadi ya watu. Mwaka 2023 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne zilizobeba zaidi ya nusu ya vifo vyote vya malaria duniani, pamoja na Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Niger. Waziri wa Fedha akiyapuuza hayo kwa sababu ugaidi unavuma zaidi kwenye vyombo vya habari atakuwa amewakosea watoto wengi sana. Wasomi kama John Mueller na Mark Stewart wamewakosoa Wamarekani kwa hoja ya namna hii, kwamba mabilioni yaliyotumika baada ya 2001 hayalingani na hatari iliyoondolewa, na sioni pa kuwapinga. Ila kugawa fedha ni kazi moja na kuzungumza na raia mwenye hofu ni kazi nyingine. Pia malaria haipangi njama. Mbu hatazami tumeweka neti wapi ili kesho aje na mbinu nyingine, na idadi ya wagonjwa wa mwaka jana inatuambia mengi kuhusu mwaka huu. Ugaidi ni hatari yenye akili ndani yake. Takwimu za miaka ya nyuma za Mtwara hazikutosha kutabiri shambulio la Oktoba 2020 katika kijiji cha Kitaya, mpakani na Msumbiji.

Tuje kwenye tahadhari zenyewe, maana hapo kutoelewana ni kukubwa zaidi. Juni 19, 2019 ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam ulitangaza kwamba kuna tetesi za mashambulio yaliyopangwa eneo la Masaki, ukataja hoteli, migahawa na eneo la maduka la Slipway, na papohapo ukasema hauna ushahidi wa kuthibitisha tishio hilo. Januari 25, 2023 ukatoa tahadhari nyingine. Wengi waliuliza: kama hamna ushahidi, mnatangaza nini? Wengine wakaona ni njama ya kuua utalii wetu. Maelezo ya kawaida zaidi yako kwenye historia ya Marekani yenyewe. Desemba 1988 ndege ya Pan Am 103 ililipuliwa juu ya Lockerbie, Scotland, wakafa watu 270. Baadaye ikajulikana kwamba onyo la simu kuhusu ndege za shirika hilo lilikuwa limebandikwa ubaoni katika ubalozi wa Marekani mjini Moscow, wafanyakazi wakalisoma, na abiria wa kawaida hawakuambiwa kitu. Hasira za familia zilizaa utaratibu unaotumika hadi leo: ubalozi ukiwaonya watumishi wake, ni lazima uwaonye na raia wa kawaida wa Marekani walioko nchini humo. Kwa hiyo tahadhari ya ubalozi haisemi uwezekano wa shambulio ni mkubwa kiasi gani. Inasema kwamba watumishi wameambiwa jambo, na raia wao wana haki ya kuambiwa jambo hilohilo.

Sasa mweke hapo mkazi wa Msasani au Mikocheni. Anasoma tahadhari isiyoandikwa kwa ajili yake, kwa lugha ambayo pengine haisomi vizuri, imekatwa vipande na mtu asiyemjua, na kwa upande wa mamlaka zake mwenyewe anasikia kwamba hali ni shwari na raia waendelee na shughuli zao. Anabaki na habari mbili zinazopingana na hana njia ya kuzipima. Watafiti wa hatari walishaieleza hali hii. Slovic aliandika mwaka 1993 kwamba imani hujengwa polepole na huvunjika haraka, na kwamba tukio moja la kuficha lina nguvu kuliko matukio mengi ya ukweli. Mkazi huyu anaposambaza ujumbe wa "nimetumiwa kama ilivyo", mimi naona anafanya kile ambacho mtu asiye na chanzo cha kuaminika hukifanya: anawauliza wenzake.

Wanaotetea ukimya wana hoja moja kubwa, nayo ni kwamba wananchi wakiambiwa watapata taharuki. Kati ya hoja zote za upande huo hii ndiyo dhaifu kuliko nyingine, lakini ndiyo inayotumika zaidi. Wanasosholojia wa majanga wamekuwa wakiitafuta taharuki hiyo tangu miaka ya 1950. Enrico Quarantelli, aliyeitumikia fani hii maisha yake yote, aliona kwamba umati unaokimbia ovyo ukikanyagana bila kujali mtu ni jambo la nadra sana. Kwenye maghorofa ya New York mwaka 2001 maelfu walishuka ngazi kwa utaratibu, wakipisha waliojeruhiwa. Baada ya mabomu ya London ya Julai 7, 2005, yaliyoua watu 52, John Drury na wenzake walikusanya simulizi za walionusurika chini ya ardhi. Walikuta watu wasiojuana wakifungana majeraha na kushikana mikono gizani, na hofu yao haikuwageuza wanyama. Anayewafahamu watu wa jiji hili hatashangaa. Hapa ajali ikitokea, wa kwanza kufika ni wapita njia, na majeruhi hubebwa kwenye bajaji kabla king'ora hakijasikika. Watu hawa wanaweza kuambiwa ukweli. Kinachowachanganya ni kuambiwa nusu yake.

Kuna hofu nyingine ambayo ikiachwa nje ya dodoso, utafiti mzima unakuwa kipofu. Siku 11 hadi 13 baada ya mabomu ya London, James Rubin na wenzake waliwahoji kwa simu wakazi 1,010 wa jiji hilo. Asilimia 31 walisema wana msongo mkubwa, na asilimia 32 walikusudia kupunguza safari zao. Waislamu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na msongo huo kuliko wengine. Wao walibeba hofu mbili, ya bomu kama kila mtu, na ya kutazamwa kama wenye bomu. Hapa kwetu tangu Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 kuna hofu ya aina hiyo pia. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa mahabusu miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyafuta Juni 2021. Mwezi uliofuata aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa na kushtakiwa kwa ugaidi, na mashtaka yakafutwa Machi 4, 2022. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu kesi hizo. Nionavyo, kila shitaka la ugaidi linalofutwa bila umma kuelezwa ushahidi ulikuwa nini linapunguza uzito wa shitaka litakalofuata, hata kama hilo litakuwa la kweli kabisa. Mwanzoni mwa Septemba 2021 Jeshi la Polisi lilipoeleza kwamba muuaji wa Salenda alikuwa gaidi, mitaani wapo walioamini na wapo waliobaki na shaka. Ukiifanyia hesabu za vifo shaka hiyo hutaipata, lakini ndiyo itakayoamua kama mama wa Temeke atapiga simu akiona mpangaji mpya anaingiza mizigo asiyoielewa, au atanyamaza asije akampeleka mtoto wa mwenzake mahabusu kwa miaka kadhaa.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapaswa kubadilika, na hakuna hata moja linalohitaji mabilioni. Kwanza ni namna ya kutangaza. Tishio likitajwa hadharani, hata kama limetajwa na ubalozi wa nchi nyingine, Kanda Maalumu ya Polisi Dar es Salaam itoe kauli yake kwa Kiswahili siku hiyohiyo ikisema kinachojulikana, kisichojulikana bado, na mkazi afanye nini akiona kitu gani. Kisha, muhimu zaidi, irudi baada ya wiki kadhaa na kusema tishio liliishaje. Tumezoea tahadhari zinazofunguliwa na hazifungwi. Hofu isiyofungwa haiondoki, inakaa tu ikisubiri ujumbe mwingine. Mitaa tayari ina wajumbe wa mashina, wenyeviti wa serikali za mitaa na ulinzi shirikishi, kwa hiyo njia ya kufikisha na kupokea taarifa ipo. Inakosa kitu cha kupitisha.

Pili ni kwamba tuuache utafiti wa kuazima. Karibu kila takwimu niliyoitaja hapa kuhusu hofu imetoka kwa Wamarekani, Waingereza, Wahispania na Waisraeli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wasomi wa saikolojia na sosholojia, na shirika lisilo la kiserikali la Twaweza, kupitia utafiti wake wa simu wa Sauti za Wananchi, limeonyesha kwa miaka mingi kwamba inawezekana kupiga simu kwa sampuli ya kaya za Tanzania na kupata majibu ya haraka kuhusu karibu jambo lolote. Maswali ya hofu yanaweza kuulizwa kwa njia hiyohiyo kabla ya tukio na baada yake. Yasiishie "unaogopa kiasi gani?" Yaulize ungemwambia nani, nani akikwambia utulie utatulia, na je, unaogopa zaidi kushambuliwa au kushukiwa? Mamlaka zinazotoa vibali vya utafiti zisiyaone maswali hayo kama uchochezi. Serikali inayotaka wananchi wake wasitishwe na uvumi ndiyo yenye haja kubwa kuliko wote ya kujua uvumi unaota wapi.

Tatu ni walinzi. Kampuni za ulinzi binafsi zimeajiri maelfu ya vijana jijini humu, na wengi wao hufundishwa kupiga saluti na kuandika namba za magari kabla ya kufundishwa bomu likoje. Mwenye jengo anayelipia kioo cha kukagulia chini ya gari alipie pia mafunzo ya aliyekishika, bima ya maisha yake, na mahali pa kujikinga palipo mbali kidogo na geti analosimama. Masharti ya leseni za kampuni hizo yakidai hayo, gharama yake itaongezeka kwenye kodi ya maduka na ofisi, yaani italipwa na watu wanaolindwa. Dodoso la kwanza kuhusu hofu ya ugaidi Dar es Salaam nalo lianzie kwa vijana hao, geti kwa geti, kuanzia Masaki hadi Posta, kabla halijafika kwa sisi tunaopita na vioo vimefungwa.